Vipimo vya nyuzi 25 havitoshi Dar es Salaam

Simama kwa fundi simu yeyote wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, utakuta angalau simu moja yenye kioo cha OLED (kioo chenye tabaka za kemikali zinazotoa mwanga zenyewe) iliyoanguka ikapata ufa mwembamba pembeni. Siku ya kwanza kuna doa dogo jeusi. Wiki ikiisha doa limekula robo ya kioo, na mwenye simu anaapa kwamba hakuiangusha tena. Anasema kweli. Kilichopita kwenye ufa ule ni hewa. Oksijeni na mvuke wa maji vimefika kwenye tabaka za kemikali za kikaboni, yaani zilizojengwa kwa kaboni, na kwenye metali nyembamba iliyozifunika, vikaviharibu palepale. Tabaka hizo zote zikijumlishwa huwa na unene wa nanomita mia moja au mia chache, na nanomita 100 ni sehemu moja ya elfu kumi ya milimita.

Naandika kuhusu tando hizo za kikaboni zinazopitisha umeme, na hasa zile zinazotengenezwa kwa molekuli zenye matawi. Nina hoja moja. Namba nyingi mno zinazochapishwa kuhusu uwezo wake wa kupitisha umeme zimepimwa kwenye nyuzijoto 25 au jirani na hapo, mara nyingi ndani ya kasha lililojaa naitrojeni kavu. Namba hizo ni sahihi kwa hali ile. Juu ya bati la Mbagala saa saba mchana, utando uleule unakuwa kifaa kingine: mara nyingine kibaya zaidi na, jambo ambalo wengi hawalitarajii, mara nyingine bora zaidi. Wa kupima tofauti hiyo ni sisi, na kazi yenyewe haihitaji mabilioni.

Shuleni tulifundishwa kwamba plastiki na jamaa zake hazipitishi umeme, ndiyo maana waya wa shaba hufunikwa nazo. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba polima (molekuli ya mnyororo mrefu) iitwayo poliasetilini, ikitiwa iodini, hupitisha umeme mamilioni ya mara kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Lakini kwa vifaa tunavyovishika leo, mimi naipa uzito zaidi kazi ya mwaka 1987. Ching Tang na Steven Van Slyke, wakiwa kampuni ya Kodak mjini Rochester, Marekani, waliweka tabaka mbili za molekuli ndogo za kikaboni, moja ya kusafirisha chaji chanya na nyingine ya kutoa mwanga. Wakapata mwanga mkali wa kijani kwa volti zisizofika 10. Katika miaka ya 1960 Martin Pope na wenzake walikuwa wameshaifanya fuwele ya anthrasini, nayo ya kikaboni, itoe mwanga, ila kwa mamia ya volti, kwa sababu fuwele ile ilikuwa nene. Wembamba ndio uliogeuza jambo la maabara kuwa bidhaa.

Sababu ya wembamba kuwa na nguvu kiasi hicho ni namna chaji inavyosafiri humo ndani. Katika shaba, elektroni huzunguka huru katika metali yote. Katika utando wa kikaboni, kila molekuli hushikilia elektroni zake, na chaji ikitaka kusonga mbele haina budi kuruka kutoka molekuli moja hadi nyingine. Kila mruko una kizuizi chake, maana molekuli hazikukaa sawasawa: moja imegeuka, nyingine imeinama, ya tatu iko mbali kidogo. Heinz Bässler na wenzake huko Marburg, Ujerumani, waliiwekea hali hii hesabu: nishati za molekuli katika utando hutawanyika kwa upana wa karibu elektronivolti 0.1 (kipimo cha nishati ndogo sana), ilhali joto la kawaida la chumba huipa chaji elektronivolti 0.025 tu za kujisaidia. Chaji hukwama, ikasubiri, ikaruka tena.

Kipimo chake ni kasi, kwa sentimita kwa sekunde, ambayo chaji huipata kwa kila volti moja iliyotandazwa kwenye sentimita moja. Katika fuwele ya silikoni elektroni hufikia karibu 1,400. Katika silikoni isiyo na mpangilio, ile ya paneli ndogo za kikokotoo, ni karibu 1. Katika TPD, molekuli ya kikaboni iliyotumika sana kusafirisha chaji chanya, ni karibu 0.001. Msomaji atasema basi hapo hakuna kitu. Tufanye hesabu. Volti 5 katika nanomita 100 ni sawa na volti 500,000 kwa sentimita. Kwa kasi ya 0.001, chaji inakwenda mita 5 kwa sekunde, na nanomita 100 inazivuka katika muda wa sekunde moja iliyogawanywa mara milioni 50. Kwa kioo cha simu huo ni muda mfupi kupita kiasi. Utando ukiwa mwembamba, uzembe wa chaji unasameheka.

Matawi yanaingia hapa. Molekuli iliyonyooka au iliyo bapa hupenda kujipanga. Ukiiacha, taratibu inaunda fuwele ndogondogo, kila moja ikielekea upande wake, na baina yake zinabaki mipaka na vijitundu. Kwenye vijitundu hivyo metali ya elektrodi ya juu inaweza kuigusa ya chini, kifaa kikapiga shoti na kufa. TPD yenyewe inajulikana kwa tabia hiyo: utando unaotoka mashineni ukiwa laini na mwangavu unaweza kuota fuwele ndani ya wiki chache tu, hata ukiwa umewekwa chumbani. Ukitaka kulielewa jambo hili, fikiria fito na matawi ya mkorosho. Fito zilizonyooka unazifunga tita moja, zinalala sambamba zikibanana. Matawi yenye pembe tatu nne huwezi kuyabana vile hata ukiyakanyaga, yatabaki yameachana na kuelekea kila upande. Yasuhiko Shirota wa Osaka, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia ukaidi huo kwa makusudi. Alichukua atomu ya naitrojeni, akaizungushia mikono mitatu, na kila mkono akaupachika naitrojeni nyingine yenye mikono yake. Molekuli hizo zenye umbo la nyota hazijipangi kirahisi. Zikipoa zinaganda ovyoovyo kama zilivyo, katika hali ya kioo. Mojawapo, m-MTDATA, hubaki imara hadi nyuzi 75 kabla ya kulainika. TPD hulainika kwenye nyuzi 60 na kitu.

Wengine walilipeleka wazo la matawi mbali zaidi. Mwaka 1978 Fritz Vögtle na wenzake huko Bonn walieleza namna ya kuipanua molekuli kwa kurudia hatua zilezile, kila mzunguko ukizaa matawi mapya. Donald Tomalia, akiwa Dow Chemical huko Michigan, alichapisha mwaka 1985 familia kamili ya molekuli za namna hiyo, akaziita dendrima. Mwaka 1990 Craig Hawker na Jean Fréchet wa Cornell walionyesha njia ya kuzijenga kwa kuanzia nje kuelekea ndani, ambayo hutoa molekuli safi zaidi. Kila mzunguko huitwa kizazi. Dendrima maarufu ya Tomalia, PAMAM, huanza na ncha 4, kisha 8, 16, 32, na ikifika kizazi cha nne ina ncha 64 ilhali upana wake ni nanomita nne na nusu hivi. Mkemia anaweza kuchagua kitu cha kuweka katikati, kitu cha kuweka kwenye matawi na kitu cha kuweka kwenye ncha. Nguvu hiyo haipatikani katika polima za kawaida, ambazo minyororo yake hutoka mirefu kwa mifupi ndani ya chungu kimoja.

Uhuru huo una bei, na wasifiaji wa dendrima huipitia haraka. Matawi yanayozuia molekuli kubanana ndiyo hayohayo yanayozitenganisha, na mruko wa chaji hauvumilii umbali. Robo ya nanomita ikiongezeka kati ya molekuli mbili, uwezekano wa kuruka unaweza kushuka takribani mara kumi. Kundi la Ifor Samuel wa St Andrews na Paul Burn, aliyekuwa Oxford, lililionyesha hili waziwazi mwaka 2001: walichukua dendrima zenye kiini kilekile, wakaongeza vizazi vya matawi, na kasi ya chaji ikashuka kwa kila kizazi. Watu hao hao walionyesha pia faida. Mwaka 2002 walizungushia matawi kiini chenye metali ya iridiamu, kinachotoa mwanga, na matawi yakavitenga viini hata visizimiane mwanga. Utando ule waliutengeneza kwa kudondosha myeyusho juu ya kioo kinachozunguka, bila tanuri la ombwe. Kwa hiyo tawi moja linalinda mwanga, linalinda umbo la utando, na linapunguza mkondo. Anayebuni kifaa lazima aamue alipie kiasi gani.

Malipo hayo yanategemea joto la mahali kifaa kitakapoishi, na joto hilo linakadirika.

Watengenezaji wa paneli za sola hutaja joto ambalo seli hulifikia mwanga ukiwa wati 800 kwa mita ya mraba na hewa ikiwa nyuzi 20, na kwa paneli nyingi ni karibu nyuzi 45. Maana yake jua limeipandisha seli nyuzi 25 juu ya hewa. Mwanga wa Dar es Salaam ukifika wati 1,000, kupanda huko kunakuwa nyuzi 31. Msimu wa kaskazi, Januari au Februari, hewa ya mchana ikiwa nyuzi 32, seli inafika nyuzi 63. Hiyo ni paneli iliyoinuliwa, upepo ukipita chini yake. Iliyobanwa juu ya bati itakuwa na joto zaidi.

Tazama sasa namba mbili zilivyokutana: TPD inalainika kwenye nyuzi 60 na kitu, na paa letu liko nyuzi 63. Molekuli iliyoonekana nzuri Rochester, ikikaa juu ya nyumba ya Mbagala, kila mchana wa kaskazi inalainika, molekuli zake zinasogea, na jioni zinaganda katika mpangilio ambao si wa jana. Ile nyota ya Osaka inabaki na akiba ya nyuzi 12 tu. Spiro-OMeTAD, molekuli yenye nusu mbili zilizoungana kwa pembe mraba, ambayo imetumika katika seli nyingi za jua za majaribio za perovskaiti (aina ya fuwele inayofyonza mwanga), hulainika kwenye nyuzi 120 hivi ikiwa safi, ila dawa zinazochanganywa nayo ili ipitishe umeme vizuri huishusha namba hiyo.

Kuna upande wa pili unaonifanya niione Dar es Salaam kuwa mahali pa kufanyia kazi hii. Joto halileti hasara pekee. Turudi kwenye hesabu ya Bässler: chaji inaruka kwa msaada wa joto. Utando ambao nishati zake zimetawanyika kwa elektronivolti 0.1, ukiupandisha kutoka nyuzi 25 hadi 63, kanuni yake inatabiri kwamba kasi ya chaji itaongezeka karibu mara nne. Waya wa shaba kwa tofauti hiyohiyo ya joto ukinzani wake huongezeka kwa asilimia 15 hivi. Paneli ya silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi, kwa hiyo nayo hupoteza kama asilimia 15. Utando wa kikaboni unakwenda kinyume chao, mradi usilainike. Basi molekuli yenye matawi mengi, ambayo huko Ulaya ingekataliwa kwa kuwa chaji yake ni nzito kwenye nyuzi 25, huenda juu ya paa letu ikawa ndiyo chaguo sahihi: joto linairudishia sehemu ya kasi iliyopotea, na matawi yanaizuia kuharibika. Mizani ya matawi haiwezi kuwa moja kwa miji miwili yenye hewa tofauti. Anayechagua molekuli kwa kusoma jedwali la nyuzi 25 amechagulia mji mwingine.

Tuache sola kidogo, maana kuna watu watasema haya ni ya kesho kutwa. Nenda steshenari yoyote ya njia panda ya Chuo Kikuu, au zile za Posta karibu na mahakama, uangalie dramu ya mashine ya fotokopi. Dramu nyingi za siku hizi zimepakwa utando wa kikaboni uliochukua nafasi ya seleniamu, na ndani yake kuna molekuli za ukoo uleule wa TPD, ambazo Xerox walizifanyia kazi miaka mingi kabla ya vioo vya simu, zikiwa zimechanganywa katika plastiki ngumu ya polikaboneti. Utando huo ni mnene, mikromita 20 au zaidi. Gizani unachajiwa mamia ya volti na unazishika. Mwanga ukiugusa, chaji chanya zinazaliwa chini yake, zinapanda kwa kurukaruka hadi juu na kuifuta chaji ya uso pale mwanga ulipopiga, na unga wa wino unafuata mchoro uliobaki. Kila cheti cha kuzaliwa kilichotolewa nakala kwenye mashine za namna hiyo kimepitia mirukoruko ya chaji katika utando wa kikaboni, katika joto na unyevu wa jiji hili. Fundi wa fotokopi akikwambia nakala za msimu wa mvua zinatoka na ukungu, anakupa taarifa ya kisayansi inayostahili kuandikwa na kupimwa.

Unyevu ni mgumu kuliko joto. Joto la paa naweza kulikadiria kwa kalamu, kama nilivyofanya. Maji katika utando hufanya kazi kadhaa kwa mara moja. Yanaweza kukamata chaji na kuishikilia. Yanaweza kuvunja metali ya elektrodi. Yanaweza kuvimbisha matawi na kubadilisha umbali kati ya molekuli. Wanaotengeneza OLED wamejiwekea kipimo kikali: kifuniko kisipitishe zaidi ya takribani sehemu moja ya milioni ya gramu ya maji kwa mita ya mraba kwa siku. Kifuniko cha plastiki ya kawaida hakikaribii hapo, na ndiyo maana ufa mdogo wa simu unaua kioo kizima. Seli za perovskaiti zenye spiro-OMeTAD zina tatizo lao, kwani utando huo hutiwa chumvi ya lithiamu ili upitishe umeme, na chumvi hiyo hufyonza maji kutoka hewani. Perovskaiti yenyewe inaogopa maji. Kuweka juu yake kitu kinachoyaita maji ni uamuzi unaowezekana kwenye kasha la naitrojeni. Kunduchi, ambako hewa ya asubuhi huweza kuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 80 na upepo unatoka baharini, ni uamuzi wa kujiuliza mara mbili.

Na bado, kama ilivyo kwa joto, unyevu nao una upande wa pili. Mwaka 1997 Larry Miller wa Minnesota na wenzake, akiwemo Tomalia, walichukua dendrima za PAMAM, wakazivisha kwenye ncha zake molekuli bapa zinazopokea elektroni, wakatengeneza tando zake. Umeme ulipita, na kadiri unyevu wa hewa ulivyopanda ndivyo ulivyopita zaidi. Kwa mtu wa vioo vya simu hiyo ni kero. Kwa mtu anayetaka kihisio ni zawadi: utando unaojibu hewa kwa kubadilisha mkondo wa umeme. Polianilini, polima ya kikaboni inayopitisha umeme ikiwa na tindikali, hupandisha ukinzani wake inapokutana na amonia na jamii yake, na jamii hiyo ndiyo inayotoka kwenye samaki anayeanza kuharibika. Nikiwaza soko la samaki la Feri, pale Magogoni, ambapo mnunuzi hufunua shavu la samaki na kunusa, naona mahali ambapo kihisio cha bei ndogo kingekuwa na kazi kila alfajiri. Ila kihisio kinachochanganya unyevu wa bahari na harufu ya samaki hakifai kitu. Kwa hiyo hata hapa kinachohitajika kwanza ni kipimo cha utando mmojammoja katika hewa ya Feri kama ilivyo.

Wapo watakaonipinga kwa hoja nzito, na nataka niijibu kwa haki. Watasema silikoni imeshuka bei, inadumu miaka 25, inauzwa kila duka la Kariakoo, hivyo kwa nini nchi ihangaike na tando zinazokufa kwa unyevu. Kwa paa la nyumba leo nakubaliana nao bila kusita. Anayeniuliza anunue nini namwambia silikoni. Lakini hoja yao inachukulia kwamba tuna hiari ya kuzikataa tando hizi. Hatuna. Zimo kwenye simu, zimo kwenye fotokopi na kwenye televisheni za bei ya juu. Seli za perovskaiti zilianza mwaka 2009 na kundi la Tsutomu Miyasaka huko Japani zikiwa na ufanisi wa asilimia 3.8, na sasa zile za maabara zimevuka asilimia 25. Nyingi zinabeba utando wa kikaboni wa kusafirisha chaji. Bidhaa hizo zitakapofika bandarini, zitakuja na karatasi yenye namba zilizopimwa kwenye nyuzi 25. Shirika la Viwango pale Ubungo litaipokea karatasi hiyo, na swali litakuwa iwapo kuna Mtanzania yeyote mwenye namba zake mwenyewe za kuilinganisha.

Kuna jaribio la kimataifa la joto na unyevu, saa 1,000 kwenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, na wengine hunijibu kwamba hilo linatosha kuwakilisha nchi za joto. Silikubali. Jaribio lile linashikilia hali moja bila kubadilika, tena aghalabu gizani. Paa la Dar es Salaam linapanda hadi nyuzi 63 na kushuka hadi 25 kila siku, mwanga juu yake, chumvi kandokando. Utando wenye matawi unaolainika kwenye nyuzi 75 utashindwa kabisa kwenye jaribio la 85, wakati kwenye paa halisi ungeweza kuishi. Kwa molekuli hizi jaribio lile linaweza kuhukumu kwa kosa ambalo halipo.

Nasema kazi hii inawezekana hapa kwa sababu msingi upo. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ina historia ndefu ya tando nyembamba za nishati ya jua, kwa ushirikiano na Uppsala ya Sweden. Wanafunzi wake wanajua kutengeneza utando na kuupima. Tando za kikaboni zinadai vifaa vichache kuliko silikoni: meza ya kuzungusha kioo, ambayo watu wameshaiunda kwa feni ya kompyuta, kifaa cha kutoa volti na kusoma mkondo mdogo, tanuri linalodhibitiwa, na chumba kidogo ambacho unyevu wake unaweza kupangwa. Kinachogharimu zaidi ni umakini. Katika utando ambao mkondo wake unazuiwa na chaji zenyewe kujazana ndani, sheria ya Mott na Gurney inasema mkondo hufuata mraba wa volti na hupungua kwa mchemraba wa unene. Ukipunguza unene kwa nusu, mkondo unapanda mara nane. Na ukikosea unene kwa asilimia 10 tu, kasi ya chaji unayoikokotoa inakosewa kwa karibu theluthi. Mwanafunzi asiye na kipima unene cha kuaminika atachapisha upuuzi bila kujua, na ningependa fedha ya kwanza ya Tume ya Sayansi na Teknolojia katika eneo hili iende kwenye kifaa hicho, kabla ya semina na kabla ya mabango.

Kemia nayo haiko mbali. Maganda ya korosho za Mtwara na Lindi hutoa mafuta yenye kadanoli, fenoli iliyobeba mkia wa kaboni 15. Mikia kama hiyo ndiyo wakemia huipachika kwenye molekuli bapa ili ziyeyuke na zisibanane mno, na tayari kuna porfirini, jamii mojawapo ya molekuli bapa, zilizotengenezwa zikiwa na kadanoli. Sidai kwamba korosho itatupa kioo cha simu. Nadai kwamba mkemia wa Mlimani anayetaka kujifunza namna mkia au tawi linavyobadilisha mkondo katika utando ana malighafi ya kuanzia ndani ya nchi, katika ganda ambalo kwa sehemu kubwa tunalisafirisha nje pamoja na korosho ghafi.

Ningeanza na molekuli tatu zinazojulikana: TPD isiyo na matawi, nyota ya Osaka, na spiro-OMeTAD bila chumvi ya lithiamu. Tando zenye unene uleule, juu ya kioo kilekile, nusu zikiwa zimefunikwa na nusu zikiwa wazi. Seti moja iwekwe juu ya paa Mlimani, nyingine kwenye kampasi ya chuo iliyoko Kunduchi, ufukweni, na ya tatu ibaki gizani kwenye naitrojeni kwa ajili ya kulinganisha. Mkondo upimwe kila wiki, asubuhi na saa saba mchana, tangu kaskazi inapoanza, masika ipite, hadi kusi inapotulia. Mwaka ukiisha tutaweza kusema, kwa namba zetu, tawi linalopunguza kasi ya chaji linanunua miezi mingapi ya uhai juu ya bati.